Acha Njia Kabla ya Tofali la Kwanza

Leo nataka tuzungumze kuhusu mtaa: pale unapolala, pale watoto wanapocheza, pale maji ya mvua yanapopita yakitafuta njia ya kwenda baharini. Siku hizi tunasikia sana maneno kama makazi endelevu na miji ya kijani, na wengi wetu tukiyasikia tunawaza mambo ya mbali na ya gharama: mitambo ya umeme wa jua juu ya maghorofa, magari yasiyotoa moshi, bustani zenye chemchemi. Mimi leo nataka niyashushe maneno hayo hadi chini kwenye mchanga. Nianze na swali dogo, nawe ujibu mwenyewe hapo ulipo, uwe sebuleni, dukani au ndani ya daladala. Mvua kubwa ikinyesha usiku, maji yanayotoka kwenye bati lako yanakwenda wapi?

Usiharakishe kujibu. Chukua nyumba ya kawaida, paa lake mita 10 kwa mita 10. Ikinyesha mvua ya milimita 50, paa hilo peke yake litamwaga lita 5,000. Ni matangi matano ya lita elfu moja moja, yote yamemiminwa uani kwako kwa usiku mmoja. Sasa hesabu mtaa wenye nyumba 200 za namna hiyo: lita milioni moja, kutoka kwenye mabati tu, hatujagusa barabara wala nyua. Zamani mahali hapo palikuwa na minazi, mikorosho na nyasi, na mchanga uliyanywa maji mengi kabla hayajaanza kutembea. Leo tumeezeka bati, tumesakafia ua, tumejenga ukuta hadi mwisho wa kiwanja. Mvua ni ile ile, lakini ardhi tumeiziba kinywa. Maji yasiponywewa hutembea, na yakikosa njia hupita mlangoni kwa mtu. Kwa hiyo hoja yangu leo ni moja tu, na nitairudia: mtaa unaopatana na mazingira yake hutengenezwa kwanza na kile ambacho hakikujengwa, yaani njia ya maji, njia ya watu, uwanja wa wazi, na mti wenye kivuli. Vitu hivi ni rahisi kabla ya tofali la kwanza. Baada ya tofali la kwanza, bei yake hupanda kila mwaka.

Mfano wa hoja hii tunao Dar es Salaam. Sensa ya 1967 ilihesabu katika jiji hilo watu wasiofika laki tatu. Sensa ya 2022 ilihesabu zaidi ya milioni 5.3. Katikati ya jiji unapita Mto Msimbazi. Unaanzia kwenye vilima vya Pugu, unateremka kupitia maeneo kama Vingunguti, Tabata na Kigogo, unapanuka Jangwani, kisha unaingia Bahari ya Hindi karibu na Daraja la Salenda. Kiangazi ni mto mwembamba ambao mtoto anaweza kuuvuka, na hapo ndipo udanganyifu ulipo. Mto wa namna hii una desturi ya kuondoka na kurudi. Akiuangalia mwezi wa Agosti, mtu huona uwanja mpana, tambarare, ulio karibu na Kariakoo na kazi zote za mjini, na bei yake ni nafuu kuliko kwingine. Atajenga. Na mwenzake akimwona amejenga na hajadhurika mwaka wa kwanza wala wa pili, naye atajenga. Hawa si wajinga. Wamepiga hesabu ya nauli, ya kodi ya nyumba na ya riziki, na hesabu imekubali. Kilichokosekana ni mtu wa kusema mapema, kwa alama zilizosimikwa ardhini, kwamba hapa ni njia ya mto.

Desemba 2011 mto ulirudi. Watu zaidi ya 40 walikufa katika mafuriko yale, na familia nyingi zikahamishiwa Mabwepande, mbali na mji na mbali na kazi zao. Mwishoni mwa 2015 ikaja bomoabomoa: nyumba bondeni zikapakwa alama ya X, zikaangushwa. Mabasi ya mwendokasi yalipoanza kazi mwaka 2016, karakana yake nayo ilikuwa imejengwa pale pale Jangwani, na maji yakaifuata humo zaidi ya mara moja, huku Barabara ya Morogoro ikifungwa. Ona basi kwamba kosa la kujenga kwenye njia ya maji si la maskini peke yao. Hata mradi mkubwa wa umma, wenye wahandisi na fedha, uliweka karakana yake mahali ambapo mto hurudi. Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa dola milioni 200 kwa ajili ya bonde hilo, ili daraja la Jangwani liinuliwe, karakana ihamishwe, watu walipwe fidia na waondoke, na sehemu ya bonde igeuzwe bustani ya jiji. Ni mpango mzuri, nami nauunga mkono. Lakini nakuomba uutazame kwa jicho la hoja yetu. Fedha hizo kwa sehemu kubwa zinanunua tena nafasi ambayo mwanzoni ilikuwepo bure.

Sasa huenda msikilizaji mmoja ananiambia, "Ndugu, hayo ni rahisi kusema baada ya maji kupita. Una ushahidi gani kwamba kuacha nafasi mapema kunasaidia?" Swali zuri, na jibu lake liko Dar es Salaam hiyo hiyo. Katika miaka ya 1970 Tanzania, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, iliendesha mradi wa viwanja vilivyopimwa na kuwekewa huduma za msingi. Sinza, Kijitonyama na sehemu ya Mikocheni zilitokana na mradi huo. Serikali haikumjengea mtu nyumba. Ilichora mitaa, ikasimika mawe ya mipaka, ikaacha barabara, ikaleta maji na mifereji, kisha ikawaachia wananchi wajenge wenyewe kidogo kidogo kwa uwezo wao. Wakati huo huo, sehemu ya pili ya mradi ilikwenda kuboresha mitaa iliyokwisha kujengwa bila mpango, Manzese ikiwemo: barabara zikapenyezwa katikati ya nyumba, huduma zikaongezwa pale zilipowezekana.

Miongo kadhaa baadaye watafiti wa uchumi, baadhi yao wa London School of Economics, waliichunguza miradi hiyo katika miji saba ya Tanzania kwa picha za setelaiti na takwimu za nyumba. Walichokikuta kinafaa kila mwenyekiti wa mtaa akijue. Mitaa iliyochorwa kabla ya kujengwa ilikuwa na nyumba kubwa na bora zaidi kuliko maeneo ya jirani yanayofanana nayo, iliunganishwa vizuri zaidi na maji na umeme, na mpangilio wake ulibaki. Mitaa iliyoboreshwa baada ya kujengwa haikuonyesha faida kama hiyo kwa muda mrefu. Ardhi ni ile ile, nchi ni ile ile, hata mradi ni ule ule. Tofauti ilikuwa nini? Tofauti ilikuwa wakati: upande mmoja jiwe la mpaka lilitangulia, na upande wa pili tofali lilitangulia.

Na hapa nataka tukae kidogo, maana watu husema, "Hiyo ni habari ya nyumba nzuri, mazingira yanaingiaje?" Yanaingia kupitia mlango usiopendeza, nao ni choo. Sehemu kubwa ya wakazi wa miji yetu hutumia choo cha shimo. Shimo likijaa, gari la kunyonya linatakiwa kufika. Mtaa wenye barabara, gari linafika, linanyonya, linaondoka. Mtaa ambao vichochoro vyake ni vya kupita mtu na ndoo yake, gari halifiki, na hapo ndipo lilipozaliwa lile neno ambalo wakazi wa mabondeni wanalijua vizuri: kutapisha. Mtu anasubiri mvua kubwa, anatoboa ubavu wa shimo, uchafu unatoka na maji ya mvua kwenda chini, kwa jirani, mtaroni, hadi mtoni. Asubuhi watoto wanakanyaga yale maji wakienda shule. Tumehubiri sana kuhusu tabia, tumebandika matangazo ya kipindupindu kwenye kila zahanati, na ni sawa tuhubiri. Lakini mtu ambaye gari halimfikii utamfundisha tabia gani? Mita tatu za njia ambazo hazikuachwa miaka thelathini iliyopita ndizo zinazomfanya leo atapishe choo usiku wa mvua. Gari la taka ni vivyo hivyo: lisipofika, taka zinatafuta mtaro. Njia ya watu na afya ya mto ni jambo moja.

Pingamizi jingine ni zito zaidi, na sitalikwepa. Kuna wanaosema viwanja vilivyopimwa huishia mikononi mwa wenye fedha. Wanaitaja Sinza yenyewe, ambako wengi waliopata viwanja waliviuza na waliokuja baadaye walikuwa na uwezo zaidi. Wanautaja pia ule mradi wa viwanja 20,000 ulioanza mwaka 2002 huko Bunju, Mbweni, Tuangoma, Buyuni na kwingineko, ambao viwanja vyake vingi vilinunuliwa na watu wa kipato cha kati na cha juu. Ni kweli. Lakini tujiulize kwa nini. Kitu kizuri kikiwa kichache, mwenye fedha hukichukua kwanza. Ndivyo ilivyo kwa mchele, na ndivyo ilivyo kwa viwanja. Jiji linaloongezeka watu kila mwaka, likipima viwanja mara moja kwa miaka thelathini, limekifanya kiwanja kilichopimwa kuwa kitu cha anasa. Dawa ni kupima vingi na vidogo, kila mwaka bila kukatiza, na kuweka kiwango cha chini cha huduma ambacho mtu wa kawaida anaweza kukilipia. Barabara inaweza kuwa ya vumbi kwa miaka ishirini. Bomba linaweza kuja baadaye, nguzo za umeme zinaweza kuja baadaye. Nafasi ya kupita barabara, bomba na maji ya mvua, hiyo ndiyo isiyoweza kuja baadaye. Hilo ndilo ninalolirudia.

Mwingine atasema, "Mji unakimbia kuliko wapimaji. Watu hawawezi kumsubiri afisa mipangomiji." Nakubali kwamba hawawezi. Basi tuangalie mji unavyozaliwa kweli, kule pembezoni mwa Dar es Salaam, Chanika, Kivule, Goba, Madale na vitongoji vingine kama hivyo. Kuna shamba la mikorosho. Mwenye shamba ana shida ya fedha au ana urithi wa kugawa. Dalali anakuja, kiwanja kinapimwa kwa miguu: hatua 20 kwa 20. Mashahidi wanaitwa, karatasi inaandikwa, fedha zinahesabiwa. Mwaka wa kwanza wanakuja wawili, wa tano wamefika arobaini. Angalia sasa: hawa watu tayari wanapanga mji. Wanachora mipaka, wanaacha kijia cha kuingilia, wanapatana. Kinachokosekana ni kidogo mno. Kama siku ile ile shamba linapokatwa, serikali ya mtaa ingekuja na kamba na vigingi vya mti, ikasema hapa itapita njia ya mita sita, pale kwenye mkondo wa maji hapauzwi, na hiki kipande kimoja ni cha mtaa, mwenye shamba angepoteza sehemu ndogo ya eneo lake, na thamani ya kilichobaki ingepanda. Siku hiyo moja, kwa kamba hiyo hiyo, umefanya kazi ambayo baada ya miaka thelathini itahitaji mkopo wa kimataifa. Afisa mipangomiji mmoja hawezi kuwa kila shamba, lakini mjumbe na mwenyekiti wa mtaa wapo kila shamba linapouzwa, kwa sababu ndio wanaoitwa kushuhudia. Wapewe ramani ya mikondo ya maji, wafundishwe kuisoma, na wawajibike kwayo.

Wasikilizaji, wengi mnaonisikiliza mmekwisha kujenga, na mitaa yenu haikuchorwa na mtu. Je, nimewaambia mmechelewa? Hapana, ingawa sitawadanganya kwamba kazi ni nyepesi. Hananasif, wilaya ya Kinondoni, ni mtaa uliojengwa bila mpango kando ya bonde la Msimbazi. Katika miaka ya 1990 wakazi wake, wakisaidiwa na Shirika la Kazi Duniani na wadau wengine, walijenga mifereji na njia za mtaa wao. Wanawake na wanaume wa pale pale walichimba, wakapanga mawe, wakalipwa ujira, na kamati yao ikasimamia. Jambo hilo lilionyesha kwamba fundi wa mtaa na kamati ya mtaa wanaweza kazi ambayo tulizoea kuidhania ni ya kampuni kubwa. Baadaye, kuanzia 2015, mradi wa Ramani Huria uliwatoa wanafunzi wa vyuo vikuu wakatembea na wakazi mtaa kwa mtaa, simu mkononi, wakichora kila mtaro, kila kalavati, na kuwauliza watu maji hufika wapi yakijaa. Mkazi anajua. Ataweka kiganja chake ukutani, usawa wa kiuno, na kukuambia yalifika hapa. Kiganja kile ukutani ni kipimo cha kitaalamu, na ramani iliyochorwa nacho ina thamani zaidi kuliko ile iliyochorwa ofisini bila kumuuliza mtu.

Lakini mtaro nao una hatari yake, na wataalamu wanaujua ugonjwa huu. Mtaa wa juu ukijenga mtaro mzuri wa zege, maji yake yanateremka kwa kasi na kumfikia wa chini yakiwa mengi zaidi na kwa mkupuo. Umejiponya kwa kumtia jirani ugonjwa. Kwa hiyo kila mtaro ujibu swali lile lile la mwanzo: maji haya yanakwenda wapi? Mahali pengine jibu ni kuyapunguza kabla hayajaingia mtaroni. Weka tangi chini ya bati. Acha sehemu ya ua bila sakafu, panda nyasi au mgomba pale maji ya bati yanapodondokea. Panda mwembe, mkungu au mwarobaini kwenye kona, kwa maana mti hufanya kazi mbili kwa wakati mmoja: mizizi hulegeza udongo ukanywa maji, na kivuli hupoza nyumba ambayo bati lake saa nane mchana ni kama kikaango. Lita 5,000 haziwezi kuishia uani zote. Zikibaki elfu mbili tu kwa kila nyumba kati ya zile nyumba 200, mtaro wa mtaa umepunguziwa lita laki nne.

Na wapo walio katika urasimishaji, yaani kupima na kutolea hati mitaa iliyokwisha kujengwa. Wapimaji wanakuja mtaani, kamati inaundwa, kila mtu anataka hati yake. Nawaomba mlitazame zoezi hili kwa makini, kwa sababu ni nafasi ya pili, na sioni ya tatu. Kama urasimishaji utapima tu kuta zilivyo na kutoa karatasi, tutakuwa tumezipa hati kasoro zetu. Lakini kama majirani kumi wa kichochoro kimoja watakubaliana kila mmoja arudishe ukuta wake nyuma mita moja, gari la kunyonya choo litapita, la zimamoto litapita, mtaro utapata mahali. Naijua hoja ya wanaokataa: "Mita yangu niliinunua kwa jasho." Ni haki yake kusema hivyo, na mtaa umlipe fidia kwa kuchangishana ikibidi. Ila apige hesabu pia ya kiwanja kisichofikiwa na gari siku nyumba inapowaka moto.

Je, sheria haitoshi? Sheria tunayo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto na ufukwe wa bahari. Ila mita 60 zilizoandikwa kwenye kitabu hazionekani kwa mtu anayenunua hatua 20 kwa 20. Anaziona siku alama ya X inapochorwa ukutani, akiwa amekwisha kuweka akiba yake yote ndani ya tofali. Huo si utekelezaji wa sheria ninaouita wa haki. Haki ni kusimika nguzo za zege kando ya kila mto wetu leo, zionekane, mtoto azijue, na serikali ya mtaa ipande kitu mle ndani: bustani ya mboga, miti, uwanja wa mpira ambao masika maji yakiufunika hakuna anayelia. Eneo lililoachwa tupu bila kazi huvamiwa. Eneo lenye kazi lina walinzi.

Na nafasi iliyoachwa hudumu. Bustani ya Mnazi Mmoja jijini Dar es Salaam iliachwa wazi na wakoloni kwa nia mbaya, ili kuwatenga Waafrika wa Kariakoo na maeneo ya wengine. Ubaguzi ule umeondoka, watawala wale wameondoka, na miti na nyasi za pale zimebaki kuwa mali ya kila anayepita akihitaji kivuli. Kariakoo yenyewe imegeuka kutoka nyumba za udongo hadi maghorofa, lakini mitaa yake iliyonyooka iko pale pale. Nyumba hubadilika kila kizazi, mchoro wa mtaa haubadiliki kirahisi. Ndiyo maana anayeuchora, hata kwa kamba na vigingi, anawachorea wajukuu wa watu asiowajua.

Muda wetu unakwisha, basi niseme na wewe unayekusanya fedha za kiwanja mwaka huu. Usikubali kuonyeshwa kiwanja kiangazi tu. Masika huanza Machi. Nenda siku ya mvua, simama pale, tazama maji yanapotokea na yanapokwenda. Mwulize jirani aliyetangulia yalifika wapi mwaka jana, umwombe akuonyeshe kwa kiganja ukutani. Mwulize mwenyekiti gari litapita wapi. Wasipokuwa na jibu, fedha zako zirudishe mfukoni.